Cheo Juu ya Sitaha: H.M.S. Pinafore, Ngoma ya Beni na Masharti ya Kuigiza Meli katika Uru, Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inachunguza masharti ya kihistoria yanayoikabili H.M.S. Pinafore, tamthilia ya muziki ya kuchekesha iliyotungwa na W. S. Gilbert na Arthur Sullivan mwaka 1878, inapofikiriwa kwa jukwaa la Uru, Mkoa wa Kilimanjaro. Hoja kuu ni kwamba kiini cha kazi hiyo si bahari bali cheo, na kwamba jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na desturi yao ya kuigiza cheo cha kijeshi na cha kibaharia kupitia ngoma ya beni. Kwa kulinganisha tamthilia hiyo, beni na historia ya kisiasa ya Kilimanjaro kati ya 1946 na 1963, makala inaonesha ni vichekesho vipi vinavyovuka mipaka, vipi vinavyobadilika maana, na vipi vinavyogusa majeraha.

1.0 Utangulizi

Uru iko kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, kati ya Kibosho upande wa magharibi na Old Moshi upande wa mashariki. Bahari iko mbali nayo, lakini umbali huo haukuwa utengano. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilikuwa imefika Moshi kufikia mwaka 1912. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walijenga njia nyingine kutoka Voi kupitia Taveta, ambayo hatimaye iliiunganisha Moshi na bandari ya Mombasa. Wakulima wa kahawa waliounda Kilimanjaro Native Planters Association mwaka 1925, na baadaye chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, walikuwa wakizalisha zao ambalo safari yake ilipitia bandarini. Kwa mkulima wa Uru, meli ilikuwa mwisho wa njia ya kila gunia lililotoka shambani, hata kama hakuwahi kuiona.

Historia ya sanaa za maonesho nchini Tanzania imezoea kugawanywa katika mikondo miwili. Upande mmoja zipo sanaa za jadi: ngoma, majigambo, masimulizi na maigizo ya jando na unyago. Upande wa pili zipo tamthilia za Kizungu zilizoletwa na shule za kikoloni na vikundi vya walowezi na watumishi wa serikali. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini una kasoro moja kubwa: unazifanya kazi kama Pinafore zionekane kuwa mali ya upande wa pili pekee, kana kwamba hakuna chochote katika uzoefu wa Waafrika Mashariki kinachoweza kuzijibu. Matokeo yake ni kwamba mwongozaji wa leo hubaki na njia mbili tu: kuiga onesho la Uingereza kama lilivyo, au kulikataa kabisa.

Makala hii inatetea njia ya tatu. Inaanza kwa kueleza Pinafore ilikuwa nini katika mazingira yake ya mwanzo. Kisha inaichambua beni kama sanaa ya maonesho iliyochukua alama zilezile za kibaharia na kuzitumia kwa namna tofauti. Baada ya hapo inageukia Kilimanjaro, ambako suala la nani anastahili cheo lilikuwa jambo la kura, mikutano na magomvi ya kweli. Sehemu za mwisho zinaangalia hadhira ya Uru, muziki, lugha na kumbukumbu ya majanga ya majini.

2.0 Meli ya London, 1878

H.M.S. Pinafore ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Mei 1878 katika ukumbi wa Opera Comique, London, chini ya usimamizi wa Richard D'Oyly Carte. Kisa chake ni chepesi. Josephine, binti wa Kapteni Corcoran, anampenda Ralph Rackstraw, baharia wa kawaida katika meli ya baba yake. Baba anataka aolewe na Sir Joseph Porter, waziri mwenye dhamana ya jeshi la majini. Wapenzi wanapanga kutoroka, wanakamatwa, na Ralph anafungwa. Ndipo mchuuzi aitwaye Little Buttercup, ambaye zamani alikuwa mlezi wa watoto, anapokiri kwamba aliwachanganya watoto wawili wachanga: Ralph ndiye aliyezaliwa katika familia bora na Corcoran katika familia duni. Papo hapo Ralph anakuwa kapteni na Corcoran anakuwa baharia. Waziri anamkataa Josephine kwa sababu sasa ni binti wa mtu wa chini, na Ralph anamwoa.

Kejeli ya tamthilia ilikuwa na shabaha inayojulikana. Mwaka 1877 waziri mkuu Disraeli alimteua W. H. Smith, mfanyabiashara wa magazeti na vitabu, kuongoza jeshi la majini, ingawa hakuwa na uzoefu wowote wa bahari. Sir Joseph wa jukwaani naye amepanda kutoka utumishi mdogo katika ofisi ya mawakili hadi kilele cha jeshi bila kusafiri baharini. Hata hivyo, Gilbert hakuridhika na kejeli ya mdomo tu. Alikwenda Portsmouth kuichunguza meli ya kivita ya Victory, akachora michoro, na akasimamia mandhari na sare ziwe za kweli kadiri ilivyowezekana. Usahihi huo ulikuwa sehemu ya kichekesho. Kadiri sitaha, kamba na vifungo vilivyofanana na vya kweli, ndivyo upuuzi wa mwenendo wa viongozi ulivyojitokeza.

Mafanikio hayakuja mara moja. Joto la kiangazi lilipunguza watazamaji, na mapato yalishuka. Sullivan alipoanza kupiga dondoo za muziki wa Pinafore katika matamasha ya Covent Garden mwezi Agosti, umma ulirudi, na onesho hilo la kwanza lilifikia mara 571. Nchini Marekani, ambako sheria haikuwalinda watunzi wa kigeni, vikundi vingi viliigiza kazi hiyo bila idhini kuanzia Boston mwezi Novemba 1878. Inakadiriwa kuwa maonesho ya aina hiyo yalifikia takribani 150. Huko London, tarehe 31 Julai 1879, washirika wa zamani wa D'Oyly Carte walituma watu kuvamia jukwaa wakati onesho likiendelea ili kuchukua mandhari, na ugomvi ukazuka nyuma ya pazia. Kazi iliyocheka madai ya umiliki wa cheo ikawa yenyewe kitu cha kugombaniwa na wenye madai ya umiliki.

Jambo la kuzingatia zaidi ni namna kisa kinavyomalizika. Wimbo, mazungumzo na kejeli vyote vinaelekea kusema kwamba cheo ni kitu cha bahati. Lakini ufumbuzi hauvunji ngazi; unabadilisha tu watu waliosimama juu yake. Ralph hapati Josephine kwa sababu baharia ana haki sawa na kapteni, bali kwa sababu imegundulika kwamba yeye ndiye kapteni kwa damu. Mantiki ya kuzaliwa inachekwa mpaka dakika ya mwisho, kisha inaachiwa iamue kesi. Hadhira ya London ingeweza kucheka kwa utulivu kwa sababu hakuna kilichotikiswa.

3.0 Mabaharia wasio na meli: beni na uigizaji wa cheo

Takribani miaka 15 baada ya Pinafore, uigizaji mwingine wa cheo cha kijeshi ulizaliwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika miaka ya 1890 katika miji kama Mombasa na Lamu. Utafiti wa Terence Ranger (1975) ndio uliofungua mjadala wa kitaaluma kuhusu ngoma hii. Vyanzo vyake vilikuwa vingi: bendi za shaba za wamisheni na za watawala, gwaride la wanajeshi, na zaidi ya yote desturi kongwe ya miji ya Waswahili ya kushindana kwa ngoma, mavazi, mashairi na karamu. Mombasa ilikuwa na vyama kama Kingi na Scotchi. Tanganyika ilikuwa na vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti.

Jina la Marini lina umuhimu wa pekee kwa makala hii, kwa kuwa lina asili ya askari wa majini. Wanachama wake wengi walikuwa watu wa mjini, makarani na watumishi waliojihesabu kuwa wastaarabu zaidi ya wapinzani wao. Walivaa sare safi, walipiga gwaride, walipeana vyeo na kuviheshimu. Vyama vya beni vilikuwa na wafalme, majenerali, magavana na maofisa wa kila ngazi, na vilikuwa na upande wa wanawake wenye vyeo vyao. Katika Mombasa, kama Margaret Strobel (1979) alivyoonesha, vyama vya lelemama vya wanawake navyo vilipanga uongozi wao kwa majina ya vyeo na kushindana kwa ukali ule ule. Wanamaji hawa walikuwa na sitaha ya mchanga na bahari ya watazamaji.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliitawanya beni bara. Askari, wapagazi na watumishi waliokusanywa kutoka kila upande waliipeleka makambini, kwenye vituo vya reli na mashambani, na waliporudi makwao wakaipeleka hadi Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Moshi, iliyotwaliwa na majeshi ya Jenerali Smuts mwezi Machi 1916, ilikuwa mji wa reli na wa kambi, yaani mahali pa aina ile ile ambamo mitindo mipya ya sare, gwaride na muziki ilionekana na kujadiliwa.

Wakoloni waliitazama beni kwa mashaka. Kwa baadhi yao ilikuwa dhihaka ya mavazi na vyeo vyao. Kwa wengine ilikuwa mtandao wa siri uliounganisha miji mingi. Wazalendo wa baadaye nao waliikataa kwa sababu iliyo kinyume: waliiona kuwa ni kuiga wakoloni. Pande zote mbili zilikosea kwa namna moja, kwa kuwa zilitazama sare na kusahau kazi. Vyama hivi viliwazika wafu, viliwahudumia wagonjwa, na vilimpokea mgeni aliyefika mji asioujua akiwa na jina la chama tu mdomoni. Cheo ndani ya chama kilipatikana kwa mchango, kwa juhudi, kwa umahiri na kwa kukubaliwa na wenzake. Mpagazi aliyeitwa kwa namba kazini angeweza kuwa jenerali jioni, na ujenerali huo ulikuwa na wajibu wa kweli ndani yake.

Hapa ndipo tofauti ya msingi na Pinafore inapojitokeza. Gilbert alichukua mfumo halisi wa vyeo, akaucheka, kisha akauacha mahali pake. Beni ilichukua alama za mfumo huohuo, ikazivua kutoka kwa wenyewe, na kuzifanya zitumike upya na watu ambao mfumo uliwanyima cheo chochote. Tamthilia ya London ilikuwa kejeli bila mageuzi. Ngoma ya pwani ilikuwa mageuzi ambayo mara nyingi hayakuhitaji kejeli.

4.0 Cheo cha kuzaliwa na cheo cha kura: Kilimanjaro, 1946–1963

Suala linalobishaniwa katika Pinafore, yaani kama mtu hupata cheo kwa kuzaliwa au kwa kustahili, lilikuwa pia suala kuu la siasa za Kilimanjaro katikati ya karne ya 20. Kabla ya hapo mlima uligawanyika katika umangi mwingi, Uru ikiwa mmojawapo, na kila mangi alitokana na ukoo wa watawala. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilizikusanya nchi hizo katika tarafa tatu za Hai, Vunjo na Rombo, kila moja ikiwa chini ya mangi mwitori. Hatua hiyo iliwaweka wamangi wengi chini ya wenzao wachache, na iliongeza manung'uniko miongoni mwa wananchi waliojiona wakitawaliwa kwa mbali.

Manung'uniko hayo yalipata sauti katika chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union, kilichoanzishwa mwaka 1949, Petro Njau akiwa miongoni mwa viongozi wake. Chama kilidai kwamba Wachagga wawe na kiongozi mmoja na kwamba wamchague wenyewe. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1951, na Thomas Marealle akaingia madarakani mwaka 1952 kama Mangi Mkuu. Marealle alikuwa mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, lakini pia alikuwa mtu mwenye elimu ya kisasa na uzoefu wa utumishi wa serikali. Ushindi wake ulijibu swali kwa njia mbili kwa wakati mmoja: alikuwa na damu, na alikuwa na kura.

Jibu hilo halikudumu. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo swali lilivyorudi kwa ukali: je, aliyechaguliwa anakuwa mangi wa maisha, au kura iliyompandisha inaweza kumshusha? Wapinzani wake, waliojikusanya katika Chagga Democratic Party, walisisitiza kwamba kiongozi anayechaguliwa anapaswa kurudi kwa wapiga kura. Katika kura ya maoni ya mwaka 1960 wananchi waliukataa umangi mkuu na kuchagua mfumo wa rais anayechaguliwa, na Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaondoa mamlaka ya watemi na machifu nchi nzima.

Kwa hiyo, mtu mzima wa Uru aliyezaliwa katika miaka ya 1930 alishuhudia, ndani ya nusu ya kwanza ya maisha yake, aina zote za cheo zinazochekwa katika Pinafore. Alimjua mangi wa kuzaliwa, mkubwa wa kuteuliwa na serikali, na kiongozi wa kura, na alimwona kila mmoja akivuliwa madaraka. Kwake yeye, tukio la kapteni kuwa baharia kwa dakika moja lisingekuwa ndoto ya jukwaani. Ambacho kingemshangaza ni sababu yake. Kilimanjaro iliwashusha wakubwa kwa mikutano, hoja na kura, ilhali Pinafore inamshusha kapteni kwa ungamo la yaya.

5.0 Kichekesho mbele ya hadhira ya Uru

Ikiwa hoja iliyotangulia ni sahihi, basi kazi ya mwongozaji katika Uru si kufundisha hadhira mambo ya bahari. Ni kupima kila kichekesho kwa mizani ya jamii yenyewe. Mifano minne inatosha.

Mfano wa kwanza ni kubadilishwa kwa watoto. Kwa hadhira ya London, kosa la Buttercup lilihamisha kofia na mshahara. Kwa Mchagga, mtoto wa kiume hurithi nafasi katika ukoo na, kwa desturi, haki juu ya kihamba, ile ardhi ya migomba na kahawa ambamo wazee huzikwa. Sally Falk Moore (1986) ameeleza jinsi desturi ilivyompa mtoto wa kwanza na wa mwisho nafasi maalumu katika urithi huo, na jinsi uhaba wa ardhi ulivyozidisha migogoro katika karne ya 20. Mtoto aliyebadilishwa ni kihamba kilichokwenda kwa asiyestahili na kaburi lililochimbwa katika uwanja wa watu wengine. Kicheko bado kinawezekana, lakini ni kicheko cha watu wanaojua uzito wa jambo. Mwongozaji atakayeiharakisha sehemu hiyo, kama inavyofanyika kwa kawaida, atapoteza wakati ambao hadhira yake imenyamaza kusikiliza.

Mfano wa pili ni umri na undugu. Ikiwa Ralph na Corcoran walilelewa pamoja, basi wao ni rika moja, na Ralph anamwoa binti wa mwenzake wa rika. Waingereza wamelicheka kosa hilo la hesabu kwa miongo mingi. Jamii inayohesabu marika hulitambua mara moja, kwa kuwa binti wa rika lako humwita mtu wa umri wako baba. Kwa Waislamu wa pwani upo ugumu zaidi: kama mlezi aliwanyonyesha wote wawili, wao ni ndugu wa kunyonya, na binti wa ndugu huyo ni haramu kwa Ralph. Jambo ambalo Gilbert alilipuuza kwa mzaha linaweza kugeuzwa kuwa kichekesho chenye nguvu zaidi kwa kumpa mhusika mmoja nafasi ya kuuliza swali ambalo ukumbi mzima unajiuliza.

Mfano wa tatu ni msafara wa jamaa wa kike wanaomfuata Sir Joseph kila aendako. London iliona ni kioja kwa waziri kuja kazini na kundi la dada, binamu na shangazi. Uru haitaona kioja chochote. Mkubwa anayefika bila watu wake ndiye angetiliwa shaka. Kichekesho hapa kinapaswa kuhama: si wingi wa jamaa unaochekesha, bali ni waziri anayewatumia jamaa kama pambo huku akidai kwamba amepanda kwa juhudi zake mwenyewe.

Mfano wa nne ni adhabu na mwili. Katika Pinafore mjeledi wa mabaharia hutajwa na kuoneshwa kwa mzaha, katika wakati ambapo adhabu hiyo ilikuwa ikielekea kukomeshwa katika jeshi la majini la Uingereza. Katika Tanganyika, viboko 25 vya utawala wa Kijerumani viliingia hata katika lugha, na neno hamsa ishirini likawa jina la utawala wenyewe. Vivyo hivyo Dick Deadeye, mhusika anayechukiwa kwa sababu ya umbo lake, haendani na maadili ya jamii inayosema hujafa hujaumbika. Ni yeye anayesema kweli ambazo wenzake hawataki kuzisikia. Kumcheka yeye badala ya kuwacheka wanaomkimbia ni kuisoma tamthilia kwa juujuu.

Juu ya yote hayo lipo jina lenyewe. Meli ni neno la kawaida la Kiswahili, lakini Moshi neno hilo ni pia jina la Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Kichwa cha onesho kitakachocheza na neno hilo bila uangalifu kitasomeka kwa namna ambayo hakikukusudiwa. Kwa sababu hiyo, kubaki na jina la Pinafore ni busara kuliko kutafuta tafsiri ya kuvutia.

6.0 Muziki, lugha na kumbukumbu ya majanga

Upande wa muziki, Uru ina mtaji mkubwa. Kundi la waimbaji katika Pinafore si pambo; mabaharia na jamaa wa kike ni wahusika kamili wanaoendesha kisa. Kwaya za parokia na za shule Kilimanjaro zimezoea kuimba sauti nne, mara nyingi kwa kusoma nota za solfa, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na ulioenea pia miongoni mwa waimbaji wa kawaida wa Uingereza wa enzi za Sullivan. Sullivan mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa. Tuni yake ya mwaka 1871 ya wimbo maarufu wa askari wa Kristo huimbwa kwa maneno ya Kiswahili katika makanisa ya Kiprotestanti. Waimbaji wengi wa Kilimanjaro wamekwisha kuimba mtindo wa Sullivan kabla ya kusikia jina la Pinafore. Aidha, hakimiliki ya kazi hiyo imekwisha muda wake, hivyo kikundi kinaweza kuitafsiri na kuipunguza bila malipo, tofauti na tamthilia za muziki za karne ya 20 ambazo bado zinahitaji idhini.

Upande wa lugha, mfano upo. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikitoka mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969. S. S. Mushi alitoa Tufani mwaka 1969, kazi inayoanza juu ya meli inayopigwa na dhoruba. Kiswahili kina hazina ya istilahi za chombo ambayo lugha nyingi haziwezi kuifikia: nahodha, serehangi, omo, tezi, foromali, mkuku, dasturi. Lakini hazina hiyo ni ya jahazi, si ya meli ya kivita, na ni ya pwani, si ya mlimani. Baharia wa jukwaani anayezungumza kwa istilahi hizo mbele ya hadhira ya Uru atasikika kama mtu wa Mombasa au Unguja. Jambo hilo si kasoro. Linaweza kuirudisha tamthilia karibu na Marini, ambao nao walijinasibu kwa upwani wao.

Zipo pia hatua ambazo sanaa za maonesho za Tanzania zilipitia baada ya uhuru. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Rais Nyerere alisikitika kwamba wasomi walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za nchi yao, na akaunda wizara ya utamaduni. Vichekesho vya wakati wa ukoloni, ambavyo mara nyingi vilimcheka Mwafrika aliyeshindwa kuiga Uzungu, vilianza kutumiwa kuwacheka wala rushwa na wazembe. Katika miaka ya 1980 vikundi vya kibiashara vya Dar es Salaam, kikiwamo Muungano, vilichanganya ngoma, taarabu, sarakasi na kichekesho katika onesho moja refu. Hadhira ya Tanzania, kwa hiyo, haihitaji kufundishwa kwamba kicheko na wimbo vinaweza kukaa jukwaa moja.

Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1934 tamthilia ya muziki ya Anything Goes, yenye nyimbo za Cole Porter na inayotendeka ndani ya meli ya abiria, ilikuwa ikiandaliwa New York pale meli ya Morro Castle ilipoungua tarehe 8 Septemba na kuua zaidi ya watu 130. Muswada wa Guy Bolton na P. G. Wodehouse uliandikwa upya na Howard Lindsay na Russel Crouse kabla ya onesho la kwanza la tarehe 21 Novemba. Wanahistoria wanabishana kama janga hilo lilikuwa sababu yenyewe au kisingizio cha mtayarishaji ambaye hakuupenda muswada. Kwa vyovyote, ilikubalika kwamba kichekesho cha melini hakiwezi kupuuza maiti walioopolewa jana.

Tanzania ina kumbukumbu zake. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, na MV Nyerere ilipinduka Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220. Katika kila janga, swali lililoulizwa lilikuwa la cheo na wajibu: nani aliruhusu chombo kupakia kupita kiasi, nani alikikagua, nani aliwajibika. Mkubwa wa majini asiyeijua bahari ni mzaha mwepesi pale tu ambapo meli haizami. Hadhira ya Tanzania itamtazama Sir Joseph ikiwa na maswali hayo kichwani, na onesho makini halitaogopa kuyaacha yasikike.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mgawanyo kati ya sanaa ya kienyeji na tamthilia ya kigeni hautoshi kueleza kinachotokea pale Pinafore inapofikishwa Uru. Meli ya jukwaani ni ngazi ya vyeo iliyowekewa mlingoti. Ngazi hiyo ilichekwa London mwaka 1878 bila kuvunjwa. Pwani ya Afrika Mashariki iliichukua katika beni na kuwapandisha watu ambao ukoloni uliwaweka chini. Kilimanjaro iliibishania kwa kura hadi mwaka 1960, na serikali huru ikaibomoa sehemu yake mwaka 1963.

Kutokana na hayo, kielelezo cha kufaa kwa onesho la Pinafore katika Uru hakiko katika ukumbi wa Opera Comique pekee. Kiko pia katika gwaride la Marini na katika mikutano ya wapiga kura wa mlimani. Onesho linaloifuata historia hiyo lingebaki na muziki wa Sullivan na kisa cha Gilbert, lakini lingebadilisha mzani wa mwisho: badala ya kushangilia kwamba damu bora imegundulika, lingeacha hadhira ione mabaharia wale wale wakimtii leo mtu waliyemfunga jana, kwa neno la mlezi mmoja, bila yeyote kati yao kuulizwa. Hadhira ambayo wazazi wake waliulizwa, na wakajibu kwa kura, itaelewa bila kufafanuliwa.